Gotek badala ya draivu ya flopi: tathmini kwa wanaojitolea kutunza kompyuta za zamani Moshi na Arusha

Kwenye meza ya maonyesho, kitu cha kwanza kuiangusha kompyuta ya zamani ni draivu ya flopi. Prosesa ya 386 hukaa miaka thelathini bila neno, na RAM hali kadhalika. Draivu ndiyo yenye mota, reli, springi na kichwa cha kusomea kinachogusa sahani inayozunguka, na ndiyo inayotumikishwa kupita kiasi: wanafunzi wa sekondari wakija Jumamosi, kila mmoja anataka kuiona mashine ikiwaka tangu mwanzo. Flopi nazo zimechoka. Unga wa sumaku uliopakwa juu ya plastiki unaachia, unaganda kwenye kichwa, na kichwa kichafu kinaikwangua flopi inayofuata. Flopi moja mbovu inaweza kuharibu nyingine tano kabla mwenye zamu hajagundua.

Gotek ni kisanduku chenye umbo na ukubwa wa draivu ya inchi 3.5, kinachosoma nakala za flopi, yaani mafaili yenye kila kilichokuwa kwenye flopi, kutoka kwenye flashi. Hakina mota wala kichwa. Kompyuta inatuma amri zilezile ilizotuma mwaka 1990, na Gotek inajibu kwa mwendo uleule wa draivu halisi. Kilitengenezwa kwa ajili ya viwanda, hasa mashine za kudarizi zilizotumia flopi, kwa hiyo baadhi ya mafundi wa nembo za sare za shule huenda wamekwisha kukiona hata kama hawajawahi kugusa DOS, mfumo endeshi wa PC za zamani. Vinanda vya umeme vya kwaya vyenye tundu la flopi hufungwa kifaa hichohicho.

Tathmini hii ni ya matumizi mamoja tu: meza ambayo wageni wanaruhusiwa kugusa. Kwa kazi hiyo tunaipendekeza Gotek bila kusita, kwa sharti kwamba programu yake ya ndani ibadilishwe kabla haijafungwa, na kwamba draivu halisi isitupwe.

Kwa nini tunasisitiza kugusa? Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale karibu na Mnara wa Mwenge, yanaeleweka kwa macho kwa sababu picha na nyaraka hujieleza zenyewe. Kompyuta iliyozimwa haijielezi. Ni sanduku la bati lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na mtoto anapita. Ikiwaka, ikahesabu kumbukumbu yake, ikapiga mlio mmoja mfupi na kuandika A:\> kwa herufi za kijani, mtoto huyohuyo anavuta kiti.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Gotek ifae kwetu zaidi. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na masharti yalikuja kulegezwa taratibu miaka mingi baadaye. Ndiyo maana mashine zinazotoka kwenye stoo za ofisi, hospitali, vyama vya ushirika na misheni za Kilimanjaro na Arusha ni chache mno za miaka ya sabini. Zinazoletwa ni PC za 286, 386 na 486 (vizazi vya prosesa vilivyofuatana), pamoja na Pentium za mwanzo. Zote zinaongea lugha moja ya draivu, kebo ya nyaya 34, na aina moja ya Gotek inazitosha karibu zote.

Ilivyo ikitoka kwenye boksi

Modeli ya kutafuta ni SFR1M44-U100K. Mbele ina tundu la USB, vitufe viwili, taa ndogo na tarakimu tatu. Nyuma kuna pini 34 za kebo, plagi ndogo ya umeme ya pini nne, na safu ya jampa (vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbili) zenye alama kama S0, S1, MO na JC. Inatumia volti 5 tu, wala haigusi ule waya wa njano wa volti 12. Hilo ni jambo jema kwenye mashine yenye pawa saplai iliyozeeka.

Programu inayokuja nayo ndiyo udhaifu wake mkubwa. Inaigawa flashi kuwa vyumba vyenye namba, kila kimoja kwa flopi moja, na ili kuvijaza unahitaji programu maalumu kwenye kompyuta ya kisasa. Huwezi kufungua flashi ukaona mafaili yenye majina. Anayejitolea Jumamosi moja kwa mwezi hatakumbuka chumba cha 37 kina nini. Zaidi ya hapo, inafahamu flopi za MB 1.44 peke yake, na hapo XT (PC zilizotangulia 286) na 286 nyingi zimeachwa nje.

Dawa ni FlashFloppy, programu huria ya Keir Fraser. Inapatikana bure, na ndiyo inayoibadilisha Gotek kutoka kifaa cha kiwandani kuwa kifaa cha makumbusho. HxC ya Jean-François Del Nero ni nzuri pia na ndiyo iliyotangulia. Tunachagua FlashFloppy kwa sababu mipangilio yake yote hukaa kwenye faili moja la maandishi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma.

Kabla ya kuiweka, fungua kifuniko uangalie chipu. Bodi za zamani zina STM32F105, na za baadaye zina chipu ya AT32 ya Artery, kama AT32F415. Zote zinafaa, ila programu ya kuzipakia ni tofauti: STM32CubeProgrammer kwa ya kwanza, Artery ISP Programmer kwa ya pili. Unahitaji kebo ya USB yenye ncha mbili za kiume. Unganisha pini ya BOOT0 na ile ya 3.3V kwa jampa au kipande cha waya, kisha chomeka kebo kwenye laptopu. Usiiunganishe na umeme wa pawa saplai wakati huohuo, maana volti 5 kutoka pande mbili zitagombana na inayoumia ni bandari ya laptopu. Chipu imefungwa isisomwe. Ukiondoa kifungo hicho, programu ya kiwandani inafutika moja kwa moja na hairudi. Usiihuzunikie.

Ukishamaliza mara ya kwanza, masasisho yanayofuata hayahitaji kebo. Weka faili la .upd kwenye flashi, bonyeza vitufe vyote viwili, washa umeme, na ushikilie mpaka ioneshe kwamba inasasisha.

Mipangilio ya meza

Flashi iwe FAT32. Ya GB 4 au 8 inatosha kupita kiasi, kwani nakala mia moja za flopi za MB 1.44 hazifiki hata MB 150. Ndani yake tengeneza faili liitwalo FF.CFG lenye mistari hii:

interface = ibmpc
nav-mode = indexed
image-on-startup = init
write-protect = yes
step-volume = 15

Mstari wa kwanza ni wa lazima kwa PC. Waya wa 34 hubeba ishara mbili tofauti kutegemea mfumo. Kwenye PC unasema flopi imebadilishwa, na kwenye mfumo wa Shugart, unaotumiwa na baadhi ya mashine zisizo PC, unasema draivu iko tayari. Zikichanganywa, DOS inapotea: inadai draivu haiko tayari wakati flashi iko palepale. Ukipenda, jampa ya JC inafanya kazi hiyohiyo, lakini mstari kwenye faili unaonekana, jampa haionekani.

Wa pili unaifanya itumie namba. Mafaili yaitwe DSKA0000.img, DSKA0001.img na kuendelea, na namba inayoonekana mbele ya Gotek italingana na kadi iliyobandikwa mezani: 000 ni DOS, 001 ni mchezo, 002 ni zoezi la kuchapa. Mgeni anabonyeza kitufe mara moja anaona 001, basi. Wapo wanaoongeza kioo kidogo cha OLED kinachoandika majina. Kinapendeza, lakini kwa meza yenye programu tano ni kazi ya kuchomea waya isiyo na ulazima.

Wa tatu ndio unaookoa muda wa mwenye zamu kuliko yote. Kwa kawaida Gotek hukumbuka flopi ya mwisho iliyochaguliwa. Kwa init, kila umeme ukiwaka inarudi 000. Darasa likiondoka na mashine ikiwa kwenye mchezo, zima, washa, na darasa linalofuata linaanzia palepale lilipoanzia la kwanza. Umeme ukikatika katikati ya maonyesho na kurudi, mambo ni hayohayo.

Wa nne unazuia kuandika. Usiuondoe. Mtoto anayejua amri ya FORMAT yupo kila darasa, na umeme ukikatika wakati nakala inaandikwa, nakala hiyo imekwisha. Ila una gharama yake: programu inayotaka kuhifadhi faili itakwama na ujumbe wa Write protect error, ikisubiri mtu achague Abort, Retry au Fail, na mgeni ataondoka akidhani ameharibu. Suluhisho ni kutenga sehemu ya RAM ijifanye diski. Kwenye nakala ya 000, ndani ya CONFIG.SYS, faili ambalo DOS hulisoma inapowaka, andika:

DEVICE=A:\HIMEM.SYS
DEVICE=A:\RAMDRIVE.SYS 512 /E

Hiyo ni KB 512 za diski ya muda, kwa MS-DOS 5 au 6 kwenye mashine yenye RAM ya MB 2 au zaidi. Kama hakuna hadi diski, itaitwa C:. Mwelekeze mgeni ahifadhi barua yake huko. Mashine ikizimwa, barua inafutika, na hakuna aliyepoteza kitu. Kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazojiendesha baada ya hapo, ipe programu kitanzi: mstari wa :MWANZO, jina la programu, kisha GOTO MWANZO. Mgeni akitoka kwenye programu, inafunguka tena yenyewe.

Ukubwa wa nakala: hapa ndipo wengi wanapokwama

FlashFloppy inatambua aina ya flopi kwa ukubwa wa faili. Faili la MB 1.44 lina baiti 1,474,560 kamili: njia 80, pande 2, sekta 18, baiti 512. Likiwa na baiti chache pungufu, inakisia, na makisio yakikosea unapata Sector not found.

Kwa 386 na 486, MB 1.44 inafaa. Kwa XT yenye kidhibiti chake cha asili (saketi inayoongoza draivu) haifai hata kidogo, kwa sababu kidhibiti hicho kinapokea data kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, na flopi ya MB 1.44 inatoa 500. Hakuna mpangilio utakaorekebisha hilo. Ipe XT nakala ya KB 360 yenye baiti 368,640. Kwa 286 angalia BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine na kutunza aina ya draivu iliyochaguliwa. Flopi ya MB 1.44 ilikuja kwenye PC mwaka 1987, na mashine zilizotangulia, kama IBM AT ya 1984, zinafahamu ya MB 1.2 ya inchi 5.25. Chagua MB 1.2 kwenye BIOS, weka nakala ya baiti 1,228,800, na Gotek itajifanya draivu ya inchi 5.25 ingawa sura yake ni ya 3.5. Huu ni uwezo ambao draivu ya kawaida ya inchi 3.5 haina, na kwa mashine ya 286 iliyokosa draivu yake unatosha kuhalalisha bei nzima.

Jambo la kupendeza ni kwamba mwendo haubadiliki. Flopi ya MB 1.44 inazunguka mara 300 kwa dakika, mzunguko mmoja sekunde 0.2, na kuisoma yote ni mizunguko 160 kwa uchache. Hizo ni sekunde 32 kabla hujahesabu muda wa kichwa kuhama njia. Gotek inatunza kusubiri huko. Kijana aliyezoea simu anauliza mbona inachelewa, na mwenye zamu anapata mlango wa kueleza.

Kufunga

Kebo ya flopi ya PC ina sehemu ya nyaya iliyosokotwa karibu na mwisho. Draivu iliyo baada ya msokoto ni A, iliyo kabla yake ni B. Gotek iwekwe jampa ya S1 na ichomekwe mwisho kabisa, iwe A, kwa kuwa BIOS nyingi za zamani zinaanzia A peke yake. Waya mwekundu wa pembeni uelekee pini ya 1. Pini za Gotek mara nyingi ziko wazi, hazina fremu ya kuzuia kebo isigeuzwe wala isisogee safu moja. Hesabu kwa macho kabla ya kuwasha. Kebo iliyogeuzwa haichomi kitu, inaleta tu ujumbe wa FDD failure. Plagi ya umeme ndiyo ya kuogopa. Ikisogea pini moja, volti 12 zinaweza kuingia pasipo pake, na Gotek haitapona.

Kabla ya hapo pima pawa saplai. Volti 5 ziwe kati ya 4.75 na 5.25 wakati mashine inafanya kazi, siyo ikiwa tupu. Angalia swichi nyekundu ya nyuma inayoandikwa 115 na 230. Mashine nyingi za misaada kutoka Marekani huja ikiwa kwenye 115, na ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 kinachofuata ni mlipuko na fyuzi. Weka 230, kisha ifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili kidole cha mgeni kisiifikie.

Kwenye pawa saplai na monita za zamani, hasa za Ulaya, chunguza kapasita za karatasi zenye ganda la njano linaloonyesha ndani, zilizoandikwa RIFA. Ganda likiwa na nyufa kama udongo uliokauka, imeshakunywa unyevu. Mashine iliyokaa stoo masika mbili na kuwashwa ghafla itapasua kapasita hiyo na kujaza ukumbi moshi mkali. Badilisha kwa kapasita ya X2 ya plastiki yenye thamani ileile, mara nyingi 0.1 µF, na uwezo wa volti 275 za AC au zaidi. Monita za kioo kizito asizifungue asiye fundi wa televisheni, kwani zinabaki na maelfu ya volti hata zikiwa zimechomolewa.

Na betri. Gotek hata iwe nzuri kiasi gani haitasaidia kama BIOS imesahau kwamba kuna draivu A. Betri ya CMOS, inayotunza mipangilio ya BIOS, ikifa, kila ukiwasha unakuta CMOS checksum error na mashine inasubiri F1. Kama ni CR2032, inauzwa kila duka la saa. Kama ni pipa dogo la bluu au kijani la 3.6V lililochomewa kwenye bodi, litoe leo. Hilo ni la nikeli na kadimiamu, na maji yake yanakula njia za shaba zilizo jirani, mara nyingi karibu kabisa na tundu la kibodi. Ute wa kijani na nyeupe uupake siki nyeupe kwa mswaki, suuza kwa maji yaliyokenekwa (distilled water), kisha aisopropili, na uache ukauke siku nzima.

Mikono ya wageni

Kasoro kubwa ya Gotek kwa makumbusho ni flashi kujitokeza mbele. Itachomolewa, itapigwa kiwiko, na siku moja itaondoka mfukoni. Nunua flashi fupi ile inayobaki milimita chache nje, au pitisha kebo fupi ya nyongeza kutoka tundu la USB kwenda ndani ya kasha na uzibe mbele kwa kipande cha plastiki, ukiacha vitufe na tarakimu. Njia ya pili ni bora.

Kuna faida ambayo wengi hawaitaji. Feni ya pawa saplai kwenye PC za zamani inavuta hewa kuitoa nje nyuma, na hewa inayoingia inapita kwenye kila upenyo wa mbele, ukiwemo mdomo wa draivu ya flopi. Kiangazi cha Arusha, vumbi lile jepesi la volkano linapita juu ya kichwa cha kusomea kutwa nzima. Gotek iliyozibwa mbele haina cha kuchafuka. Kasha lenyewe bado lipulizwe kwa blowa kila baada ya miezi mitatu, ukiwa umezuia feni isizunguke.

Kinachokosekana ni sauti. Draivu halisi ina mlio wa kichwa kuhama, krr-krr-krr, na watu wazima waliofanya kazi ofisini miaka ya tisini wanautambua kabla hawajaona mashine. Spika ndogo ya pizo ikichomewa kwenye bodi, mstari wa step-volume unaipa Gotek mlio wa aina hiyo. Ni mwigo mzuri, tena mtoto hatajua tofauti. Mzee aliyekuwa karani atajua.

Kwa ajili yake, acha draivu halisi kama B, na flopi moja ya kuonyesha. Hapo mwenye zamu peke yake ndiye anayeingiza. Mgeni anaona kifuniko cha bati kikisogea, sahani ya kahawia iliyo ndani, kisha anausikia mlango ukishika. Watoto wengi wanaijua flopi kama alama ya kuhifadhi kwenye Word. Kuishika mkononi, wakahisi inavyokaribia kutokuwa na uzito, ni kitu ambacho Gotek haiwezi kutoa, na asiyeilinda draivu B ameondoa nusu ya maonyesho.

Draivu hiyo isafishwe kila mwezi wa maonyesho. Pamba ya masikio iliyolowekwa aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, inayopatikana kwa mafundi simu, ipitishwe taratibu kwenye kichwa cha chini. Kichwa cha juu kina springi laini: ukikiinua kupita kiasi kinapinda na hakirudi. Spiriti ya kusafishia vidonda usitumie, kwa sababu baadhi zina mafuta. Skrubu ndefu inayosogeza kichwa ifutwe grisi ya zamani iliyokauka, ipakwe tone la grisi nyeupe ya lithiamu.

Flopi yoyote inayoletwa na mgeni isiingie kwenye draivu B kabla ya kukaguliwa. Sogeza bati, zungusha kitovu kwa kidole, tazama uso wa sahani chini ya taa. Madoa ya kijivu kama pumzi kwenye kioo ni ukungu, na masika ya Moshi yanautosha. Flopi safi inakiliwa mara moja kuwa faili. Draivu ya USB inatosha kwa MB 1.44 na KB 720. Kwa KB 360 na flopi zenye sekta mbovu tumia Greaseweazle, bodi ndogo inayounganisha draivu halisi na laptopu. Kwa flopi ya MB 1.44 amri ni gw read --format=ibm.1440 nakala.img (kwa KB 360 andika ibm.360), na itakuonyesha kila njia imepatikana au imekosekana.

Hapa pana jambo lisilo la ufundi. Flopi za ofisi zina watu ndani yake: orodha za wagonjwa, mishahara, madeni ya wanachama wa ushirika. Baadhi yao wako hai na wanaishi mtaa wa pili. Nakala ya namna hiyo haiwekwi kwenye flashi ya maonyesho hata kama inapendeza kihistoria. Mrudishie mwenyewe, au mwombe ruhusa. Kwa meza, andaa barua na hesabu za kubuni.

Bei, na inapokomea

Mtandaoni Gotek tupu mara nyingi ni dola 20 hadi 35, na usafirishaji unaweza kukaribia bei yenyewe, kwa hiyo agizeni kwa pamoja. Zipo zinazouzwa zikiwa na FlashFloppy tayari kwa nyongeza kidogo. Asiye na mtu wa kushughulika na BOOT0 anunue hizo.

Isitarajiwe kuchukua nafasi ya hadi diski. Windows 3.1 kutoka kwenye flopi ni mateso. Kwa hilo tumia kadi ya CF (CompactFlash) kwenye adapta ya IDE, tundu la hadi diski lenye pini 40, ukikumbuka kwamba BIOS nyingi za 386 na 486 haziendi zaidi ya baiti 528,482,304, hata kadi iwe ya GB 4. Na mashine ambayo bado ina draivu nzuri, inayowashwa mara mbili kwa mwaka, haihitaji Gotek.

Nunueni moja zaidi ya idadi ya mashine, iwekwe FlashFloppy siku hiyohiyo. Ndani ya kila kasha bandika bahasha yenye flashi ya pili iliyo na FF.CFG na nakala zilezile, pamoja na karatasi inayoonyesha jampa zilipo na aina ya draivu iliyochaguliwa kwenye BIOS. Mwenye zamu akikuta mashine haioni A, aangalie BIOS kwanza, kisha abadilishe flashi, kisha aikaze kebo. Yakishindikana hayo matatu ndipo achukue bisibisi.